Elimu ya Jamii: Tangu Hampton Hata Timboroa

Ukiifuata njia kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, utavuka mstari wa Ikweta, na baada ya mwendo mfupi utafika Timboroa. Mgeni aliyesoma kitabuni kwamba Ikweta ni mahali pa joto atastaajabu, maana asubuhi hapa watoto huenda shule wamejikunyata ndani ya sweta zao, na siku nyingine umande juu ya majani ya viazi huwa umeganda ukawa barafu. Sababu yake ni kimo. Kituo cha reli cha Timboroa kiko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 2,743, na karibu na hapo reli hufikia kilele chake cha futi 9,136. Zamani za utawala wa Waingereza kituo hiki kilisifiwa kwamba kiko juu kuliko vituo vyote vya milki yao.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kwamba umemaliza masomo ya sekondari, ukaenda chuo cha ualimu, na umepewa darasa la watoto wa miaka sita au saba katika shule moja ya hapa. Ratiba yakuagiza uwafundishe habari za jamii: nyumbani, shuleni, majirani, kazi za watu. Hakuna katika hao ajuaye kusoma sawasawa. Wengine nyumbani kwao husema Kikalenjin, wengine Kikikuyu, nawe huna budi kuwakusanya pamoja kwa Kiswahili. Utaanzia wapi?

Mimi kazi yangu ni kuwafunza walimu, na swali hili nalisikia kila mwaka. Wanagenzi wengi hulijibu upesi: anzia karibu, kisha enda mbali. Mfundishe mtoto habari za nyumba yake kabla ya kijiji, za kijiji kabla ya nchi, za nchi kabla ya dunia. Ndivyo walivyosoma, na jibu lenyewe ni zuri. Lakini ni wachache wajuao kwamba kanuni hiyo ina historia yake, na kwamba ilipoletwa Kenya kwa jina la elimu mpya wazee wengi waliitilia shaka, wala hawakufanya hivyo kwa ujinga.

Kwa hakika, kumfundisha mtoto kwa kuanzia karibu si uvumbuzi wa mtu mmoja. Mswisi Johann Heinrich Pestalozzi, aliyeishi tangu 1746 hata 1827, alisifika Ulaya kwa kusema kwamba mtoto ajifunze kwa vitu anavyoviona na kuvigusa kabla ya maneno. Lakini bibi zetu hawakumngoja Pestalozzi. Mtoto wa Kitugen au wa Kinandi alijua majina ya ukoo wake, mpaka wa malisho na njia ya mtoni kabla hajasikia habari za nchi ya pili. Basi jambo lenyewe ni la kale. Lililo jipya ni kulifanya somo la shuleni, lenye jina lake na ratiba yake, na hapo yatupasa kuvuka bahari.

Katika jimbo la Virginia, huko Marekani, kuna chuo kiitwacho Hampton. Kilianzishwa mwaka 1868, miaka michache tu baada ya vita vilivyoondoa utumwa katika nchi ile, ili kuwafundisha watu weusi waliokwisha kuwa huru. Baadaye wakapokelewa pia vijana wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1902 alifika hapo mwalimu mmoja mzaliwa wa Wales, Thomas Jesse Jones. Huyu ndiye aliyeyaunganisha mafundisho ya uraia, uchumi na hali za watu kuwa fungu moja, akaliita masomo ya jamii. Nia yake, kama alivyoieleza, ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wafahamu hali yao. Lakini ndani ya nia hiyo mlikuwa na neno jingine: Jones aliamini kwamba watu weusi walikuwa bado katika daraja ya chini ya maendeleo, na kwamba iliwafaa kuikubali hali hiyo na kupanda polepole, bila kudai haki kwa haraka. Mtaalamu Mweusi W. E. B. Du Bois alimpinga vikali kwa sababu hiyo.

Mwaka 1916 Jones alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika taarifa juu ya masomo ya jamii katika shule za sekondari za Marekani. Tangu hapo jina la somo hilo likaenea katika nchi ile, na kutoka huko likaja kuenea duniani.

Haya yote yatuhusu nini sisi? Subiri kidogo. Kulikuwa na hazina moja ya Marekani iitwayo Phelps-Stokes, iliyotoa fedha kwa elimu ya watu weusi. Hazina hiyo ilituma tume kutazama shule za Afrika, mara ya kwanza katika miaka 1920 na 1921, na mara ya pili mwaka 1924, ilipokuja Afrika Mashariki, na Kenya ikiwamo. Mkuu wa tume zote mbili alikuwa Thomas Jesse Jones yule yule. Pamoja naye alisafiri James Aggrey, mwalimu maarufu wa Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana. Na mwaka huo huo wa 1924 reli iliyojengwa kutoka Nakuru kupitia misitu ya Timboroa ikafika Eldoret. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja, hayakupangwa. Nayataja kwa kuwa yanasaidia kukumbuka mwaka, na kwa kuwa mtoto wa Timboroa amerithi yote mawili: njia ya chuma, na namna ya kufundishwa.

Taarifa ya tume hiyo ilitoka mwaka 1925. Ilisema kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: afya, kilimo, kazi za mikono, maisha ya nyumbani. Mwaka huo huo ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, iliyopewa jina la bibi mmoja Mmarekani aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi. Hapo walimu walifunzwa kuzunguka vijijini na kuwasaidia walimu wenzao pamoja na watu wa nyumbani. Kazi nzuri nyingi ilitoka Kabete, na ingekuwa dhuluma kuwadharau waalimu wale. Mahali penyewe pamebadilika mara kadhaa, na leo pana Chuo cha Serikali cha Kenya.

Lakini jitie katika nafasi ya mzazi wa wakati ule. Shule za Kenya zilikuwa za namna tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mtoto wa mlowezi alisoma vitabu vilivyomtayarisha kwenda Uingereza akipenda. Mtoto wako wewe anaambiwa kwamba yamfaa ajifunze yaliyo karibu naye: jembe, choo, kibanda cha kuku. Hayo ni mambo mema, wala hakuna aliyeyachukia. Kilichowaudhi wazazi ni kwamba safari ilianzia karibu ikakoma papo hapo. Karibu ilikuwa imegeuzwa ua, na mtoto amefungiwa ndani yake.

Ndiyo maana katika miaka ya 1930 Wakikuyu walijenga shule zao wenyewe, nje ya misheni na serikali, na katika hizo walitaka Kiingereza na elimu ya vitabu. Hapa historia inafanya mzaha wake. Mwaka 1927 kijana mmoja wa Kiambu, Mbiyu Koinange, alisafiri kwenda Marekani kusoma. Alikwenda wapi? Hampton, chuo kile kile cha Jones! Hakukomea hapo, aliendelea katika vyuo vingine hata akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporudi nyumbani, mwaka 1939 akaanzisha chuo cha ualimu Githunguri ili shule zile za wananchi zipate walimu wake. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, katika siku za Hali ya Hatari.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi ule ule ikateuliwa tume ya elimu chini ya Simeon Ominde, bingwa wa jiografia. Taarifa yake ya kwanza ya mwaka 1964 ilitaka shule ziondolewe ubaguzi wa rangi na elimu iwaunganishe wananchi wawe taifa moja. Miaka minne baadaye, Agosti 1968, waelimishaji kutoka nchi 11 za Afrika walikutana Mombasa kuzungumza juu ya somo moja tu, elimu ya jamii. Walikuwa wamekwisha kutayarisha njia katika mkutano wa Oxford mwaka 1967. Kutoka mkutano wa Mombasa ukazaliwa mpango wa pamoja wa Afrika wa somo hili, na ofisi yake ikawekwa Nairobi.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Watu wale wa Mombasa walilichukua jina lile lile la Jones, na kanuni ile ile ya kuanzia karibu. Kwa nini hawakuitupa? Kwa sababu waliona ubaya mwingine ulio kinyume cha ule wa kwanza. Vitabu vingi vya historia walivyovisoma wao walipokuwa watoto vilianzia mbali na kukaa mbali. Afrika ilitokea humo siku Mzungu alipoitembelea, na mto ulianza kuwako siku mgeni alipouona. Mtoto aliyefundishwa hivyo aliweza kutaja wafalme wa Uingereza, asijue ni nani aliyelima shamba la babu yake. Basi wajumbe wa Mombasa walitaka karibu iwe mlango. Kati ya mlango na ua tofauti ni moja tu: mlango una njia ya kutokea.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule za msingi zilifundisha jiografia, historia na uraia katika kitabu kimoja, na wazazi wenu wanakumbuka jinsi walivyokariri majina ya mito na maziwa usiku kucha kwa ajili ya mtihani. Mtaala uliporekebishwa mwaka 2002 jina la masomo ya jamii likarudi. Tangu 2019, katika mtaala wa umilisi, mtoto wa Gredi ya Kwanza hasomi somo lenye jina hilo; mambo ya jamii yamo katika Shughuli za Mazingira, pamoja na mimea, maji na usafi, na Masomo ya Jamii yenyewe huanza Gredi ya Nne. Kwa maoni yangu mpango huo ni wa busara kwa mtoto mdogo, maana kwake shamba, mvua na baba ni jambo moja.

Sasa turudi Timboroa, maana hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Ni rahisi kusema anzia karibu pale ambapo karibu pametulia. Lakini karibu ya Timboroa ni nzito. Uwanda ulioko mbele yake huitwa Uasin Gishu, jina la kundi la Wamasai waliochunga hapo na wakashindwa katika vita vya karne ya kumi na tisa. Kabla yao walikuwapo watu ambao masimulizi huwaita Wasirikwa, na mashimo yao mapana yaonekana hata leo katika nyasi. Wanandi walipigana na Waingereza hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilithubutu hata kuwaahidi Wayahudi wa Ulaya uwanda huu wawe na makao. Walipeleka watu wautazame, na mwaka 1905 wakaikataa ahadi hiyo. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya ng'ombe kutoka Afrika Kusini. Kisha mashamba ya walowezi, vibarua kutoka huku na huku, vijiji vya msituni, na baada ya uhuru watu walionunua ardhi na kukaa. Kila kundi lina wazee wake, na kila mzee ana hadithi inayoanza mahali tofauti.

Hadithi hizo zimewahi kuwashwa moto. Mapigano ya mwaka 1992 yaliwafukuza watu wengi katika upande huu wa nchi, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zikateketezwa tena Burnt Forest na kandokando ya Eldoret. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu wakiwamo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima. Watoto walio Gredi ya Kwanza leo walikuwa hawajazaliwa, lakini wazazi wao walikuwa vijana kama wewe.

Je, mwalimu afanyeje anapofika kwenye somo la majirani? Wengine husema anyamaze, wengine husema aseme yote. Mimi sikubaliani na hao wala hao. Mtoto wa miaka saba hawezi kubeba habari za Kiambaa, na hana haja ya kuzibeba mpaka akomae; wewe uliye sekondari waweza, na yakupasa. Lakini mwalimu asimwambie mtoto uongo, kwa mfano kwamba tangu zamani watu wote hapa waliishi bila ugomvi. Mtoto atakwenda nyumbani, atasikia vingine, na tangu siku hiyo hatamwamini mwalimu. Wala asimwulize mtoto mbele ya wenzake kwamba kwao hasa ni wapi. Swali hilo linaonekana dogo, nalo katika nchi hii limekwisha kutumiwa kumwambia mtu ahame. Mtoto aliyezaliwa Timboroa kwao ni Timboroa.

Nilikwenda kumkagua mwanagenzi mmoja katika shule ya upande huu akiwa anafundisha somo hilo. Aliwaambia watoto wachore jirani. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, jirani ni mtu wetu au ni mtu mwingine?" Nilimwona mwanagenzi akibadilika uso, maana alilielewa swali kuliko mtoto alivyolielewa. Akafikiri kidogo, kisha akamwuliza, "Chumvi ikiisha kwenu usiku, mama anakutuma kwa nani?" Mtoto akataja jina la mama mmoja. "Basi mchore huyo." Sikusikia jina hilo ni la kabila gani, na sikutaka kuuliza.

Somo lililofuata lilikuwa juu ya njia na usafiri, na hapo ndipo nilipoona mlango wa Mombasa ukifunguka. Watoto walipanga mawe uwanjani kuwa reli. Jiwe la kwanza likaitwa Timboroa. Wakaulizwa reli inakwenda wapi. Wakajibu Eldoret, na mmoja ambaye mjomba wake ni dereva wa lori akasema Uganda. Upande wa pili wakajibu Nakuru, Nairobi, kisha wakanyamaza. "Na baada ya Nairobi?" Hawakujua. Mwalimu akaweka jiwe moja mbali sana, karibu na lango la shule, akamwaga maji kando yake, akawaambia hiyo ni bahari. Watoto kama arubaini wakakimbia kwenda kulitazama jiwe la Mombasa.

Kisha akawapa kazi ya nyumbani: wakawaulize wazee wao ni nani aliyeijenga reli. Asubuhi majibu yakaja matatu. Wa kwanza alisema Wazungu. Wa pili alisema Wahindi. Wa tatu, mvulana mdogo aliyevaa viatu vya mpira vya mvua, alisema babu yake alimwambia kwamba ni wazee wao wenyewe waliobeba mawe. Darasa likacheka.

Ukitazama historia, watoto wote watatu walikuwa na fungu la ukweli. Waliotoa amri na fedha walikuwa Waingereza. Reli ya kwanza, ya kutoka Mombasa hata Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilijengwa hasa na vibarua waliotoka Bara Hindi, watu kama 32,000. Lakini hii ipitayo Timboroa, ya miaka ya 1920, ilijengwa zaidi kwa mikono ya Waafrika, na si wote waliokwenda kwa hiari. Mvulana wa viatu vya mpira alikuwa amekuja na jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita.

Mwanagenzi hakulijua hilo wakati ule, nilimweleza baadaye. Hata hivyo hakumfuta mtoto. Kwa kuwa darasa halijui kusoma, alichukua chaki akachora ubaoni watu watatu kando ya reli: mmoja ana kofia, mmoja ana kilemba, na mmoja ana jiwe kichwani. Akawaambia watoto wachore wote watatu katika daftari zao, na wa tatu wamchore mkubwa kama wengine.